Mstari wa Amuri

Orodha ya watu waliokimbia vita iko kwenye masini mbili za kompyuta: ile yenyewe upande wa mjini, na nakala yake huku Lubunga, ng'ambo ya mto. Kinachoandikwa kule hufika huku chenyewe, kwa njia tunayoita abonema. Mimi fundi niliitwa kwa sababu nakala ilikuwa imelala siku kumi na mbili, haipokei kitu, na hakuna aliyejua.

Nilimkuta mzee Amuri kwenye benchi la ofisi. Kila asubuhi alikuja kuuliza kama binti yake Djamila ameandikwa.

“Haiko, papa,” karani, Mama Angélique, alimjibu.

“Angalia kwanza! Ama jibu iko kwenye uso yangu?”

“Nimeangalia. Na usijisumbue kuvuka, orodha ni moja.”

Nilisoma makosa yaliyoandikwa na masini. Lilikuwa kosa moja, limerudiwa maelfu ya mara: nambari 2207 tayari ina mtu. Mjini walikuwa wamempa mtu mwingine nambari hiyo, na huku ilikuwa na mwenyewe. Amuri.

“Nani aliandika ndani ya nakala?”

“Ni mimi,” Angélique alisema. “Rezo ilikatika, mjini hawapatikani. Papa alikuja na miguu imevimba, nimurudishe bila kumuandika?”

“Nakala inasomwa tu, mama.”

Nimefanya kazi hii Kindu, Bukavu, hata Bunia, na kila mahali nimekuta mkono mwema umeharibu kitu. Yote yaliyotoka mjini yalikwama nyuma ya mstari wa mzee huyu. Ilibidi niufute, nikamwambia.

“Futa,” alisema. “Mimi si niko hapa?”

Niliufuta, nikawasha abonema. Mistari ikaanza kushuka, ya zamani kwanza. Djamila binti Amuri, miaka kumi na tisa. Ameandikwa mjini siku kumi na moja zilizopita. Anatafuta baba.

“Ni yeye! Mama, ni yeye!”

Angélique alipiga makofi. Mimi sikupiga, foleni ya mistari ilikuwa haijaisha.

Mstari wa Djamila ukabadilika mbele yetu. Ameuliza tena baba. Ameuliza tena. Halafu, juzi: ameondoka kwa boti. Mahali pa kuandika anakokwenda palikuwa patupu.

“Boti ya wapi?”

“Hawakuandika, papa,” nilisema.

“Na alipouliza, walimujibu nini?”

Orodha ya mjini haikuwahi kuwa na jina la Amuri; liliandikwa huku tu. “Kwamba hauko.”

Amuri alimgeukia Angélique. “Bon. Uniandike tena.”

Angélique alitoa mikono yake kwenye masini, akaificha chini ya meza.