Siku ya Kupima

Aliyeniuza ni kaka yangu wa tumbo moja. Naanza na hilo makusudi.

Kiwanda cha ngozi kilipoanza kumwaga uchafu wake ziwani, na watoto wakaanza kutoka vidonda, sisi watu wa ufukweni hatukungoja wakubwa. Tuliunda kamati yetu ya maji, tukajifunza kupima wenyewe: unachota kwa chupa, unatia matone ya dawa, maji machafu yanageuka zambarau. Tulipima kila baada ya wiki mbili, na siku ilikuwa siri ya watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni fundi cherehani asiyejua kucheka; kaka yangu, aliyekuwa katibu; na mimi, mpimaji.

Mwaka mzima chupa zangu zilitoka safi. Mwaka huohuo figo za binti yangu zikaharibika, na daktari akasema ni maji. Tulipokwenda kulalamika, kiwanda kilituonyesha vipimo vyetu wenyewe. Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wanawake wote tulichota kila asubuhi, isipokuwa wifi yangu, mke wa kaka. Yeye alichota mara moja kwa wiki mbili, akajaza mapipa sita. Tulimtania kwa uvivu wake, naye akacheka nasi. Watoto wake hawakuwa na kidonda hata kimoja. Asubuhi moja nimeinama na chupa yangu, nikamwona anateremka na mkokoteni wa mapipa, nikaanza kukumbuka mara zilizopita. Kila siku aliyojaza ilikuwa siku niliyopima.

Sikulia. Nilimwambia kaka kuwa safari ile tungepima Jumamosi. Ijumaa alfajiri nikaenda na mwenyekiti, na maji yakageuka zambarau kabla sijafunga kizibo. Jumamosi wifi akateremka na mapipa yake sita, bomba la kiwanda limefungwa, maji yanang'aa.

Mwenyekiti akaitisha mkutano wa watu wote wa ufukweni, na kaka akaja kwangu kabla yake. Alisema walimpa kazi ya ulinzi kiwandani, ana watoto wanne, angefanyaje. Akapiga magoti.

"Dada, damu nzito kuliko maji."

"Ya mwanangu inasafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki," nikamjibu. "Inuka, unanichafulia mlango."

Mkutanoni nilisema yote, tarehe kwa tarehe, na utamu wake nausikia mpaka leo. Hakuna aliyemgusa. Watu waliacha tu kuitikia salamu za nyumba ile. Kiwanda nacho kikamfukuza, maana hakuwa na siri tena ya kukiuzia.

Kesi bado inaendelea na bomba bado linamwaga, leo wazi, kesho limefungwa. Siku hizi napima kila alfajiri. Maji yakiwa mabaya nawaambia wenzangu, wanapashana habari nyumba kwa nyumba, tunajibana na maji ya jana. Nyumba ya kaka haiambiwi.

Juzi wifi alinikuta ufukweni na ndoo, kitinda mimba wake ameshika upindo wa kanga yake.

"Wifi, nakuomba. Leo maji vipi?"

Chupa ilikuwa mkononi mwangu, zambarau tupu. Nikaifunika kwa kiganja.

"Muulize mumeo."

Akaingia majini.

"Shikamoo, shangazi," mtoto akasema.

"Marahaba," nikamwitikia, nikamwacha mama yake ajaze ndoo.