Sabuni ya Maji ya Chumvi

“Shikamoo nimekupa, Mzee Taherali. Sasa nifungulie chumba unamopikia sabuni, la sivyo narudi Kakuyuni na mafuta yangu ya nazi,” alisema Kabibi.

Mwenye kiwanda akakunja uso. “Mapishi yetu hayajatoka nje ya ukoo tangu enzi za babu.”

“Ndiyo maana haitoi povu kwa maji yetu!” Kabibi akateka maji ya chumvi kisimani pale uani, akasugua mche wa Taherali mpaka kiganja kikamuuma. Povu halikutoka. Kisha akasugua mche aliopika mwenyewe kwa mafuta yake. Povu likampanda hadi kiwikoni, lakini mche ukalainika kama uji.

“Wangu uji, wako jiwe. Aibu yangu nimeianika uani kwako. Tupike pamoja, mzee, au Malindi nzima ioge kwa sabuni ya bara!”

Taherali akatoa ufunguo.