Usingizi wa Saa Sita

Bi Jumla alisema ni panya. Ghala lake lilijaa magunia ya mchele na sukari, na palipo na sukari panya hangoji mwaliko. Akatega mitego. Akaleta paka, paka akakaa siku moja, akahama bila kuaga. Lakini kila saa sita mchana sauti ile ilirudi: pu, pu, kimya, pu. Panya gani huyo anayekwenda na saa? Wapagazi wao walikwisha kuamua kwamba si panya. Siku hizi walikula chakula cha mchana nje juani, na ukiwauliza walisema ndani kuna joto.

Joto halikuwamo. Zamani jengo lile lilikuwa kituo cha kulelea watoto wa watu wa sokoni, na saa sita ndipo watoto walipolazwa. Misumari ya kutundikia mikoba yao ilikuwa bado ukutani, chini, usawa wa mtoto. Bi Jumla aliagiza ing'olewe zaidi ya mara moja, na kila fundi aliyefika alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyingine.

Tuseme kweli, mwanamke huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi hauna mfupa. Miaka miwili nyuma halmashauri ilipotaka kila duka litozwe kodi mpya, ili kituo na shule za msingi zipate walezi na walimu, yeye kama mwenyekiti wa wafanyabiashara alisimama ukumbini akasema, "Mtoto ni wa mama yake. Sisi hatukumzaa." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kodi ikafa palepale, kituo kikafungwa, jengo likakodishwa. Aliyelikodi ni nani? Ni yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mfagiaji wa soko alikuwa na binti wa miaka minne pale kituoni. Kilipofungwa, akawa anamfungia chumbani kwa kufuli, kwa kuwa msimamizi hakutaka watoto kazini. Siku moja moto ulianzia chumba cha jirani. Watu waliuvunja mlango, lakini walichelewa. Baada ya maziko mama alirudi kufagia mbele ya ghala, na kila asubuhi alimwamkia Bi Jumla kwa heshima zote. Hakumlaumu hata kwa jicho. Bi Jumla angefurahi kutukanwa, maana tusi lina jibu lake. Salamu ile ilimwandama mchana kutwa.

Kisha ile kodi ikarudi mezani. Wafanyabiashara walikuja kumkumbusha kauli yake huku wakicheka, na shemeji yake, mweka hazina wa chama, akamwambia safari hii aiongezee chumvi. Siku moja kabla ya kikao, saa sita, sauti ikaanza tena nyuma ya magunia. Bi Jumla akatoka mbio. Nje akamkuta mfagiaji amesimama chini ya dirisha, fagio mkononi, sikio ukutani.

"Na wewe unaisikia, mwanangu?"

"Kusikia nini, mama?"

Bi Jumla alishindwa kuieleza, akaipiga kifuani pake kwa kiganja: pu, pu, kimya, pu. Fagio likaanguka.

"Ndivyo binti yangu anavyojibembeleza mwenyewe nikichelewa," mfagiaji akasema taratibu. "Wapagazi waliniambia humu mna sauti. Kila siku nakuja hapa, sisikii kitu. Heri yako, mama. Wewe anakuja kwako."

Bi Jumla alikuwa ameogopa mambo mengi maishani, moto na wezi na hasara, lakini hakuna kilichowahi kumtisha kama ile "heri yako."

Kesho yake ukumbi ulijaa, na watu walikwisha kuandaa vicheko vyao. Alisimama, hakutia chumvi wala sukari. Akasema kodi ilipwe, duka la kwanza kulipa liwe lake, na ghala analirudisha. Shemeji yake akamvuta nguo ili akae.

"Nilisema mtoto ni wa mama yake," akamalizia. "Mama yake anafagia milangoni kwenu. Mtazameni, kisha mfanye mtakalo."

Madiwani wakaipitisha.

Magunia yakahamishwa, walezi wakaajiriwa, mikoba ikarudi kwenye misumari. Siku ya kwanza, ilipofika saa sita, Bi Jumla alikwenda kusimama mlangoni. Watoto walijilaza mikekani, na katikati wakaacha nafasi ya mtoto mmoja bila kuambiwa na mtu. Akangoja. Akatega masikio mpaka shingo ikamuuma. Hakusikia ila pumzi za watoto. Sauti ilikuwa imekwisha. Mwili ukawa mwepesi, akatamani kucheka, akatamani kwenda zake nyumbani akalale usingizi wa kushiba.

Alipogeuka, mfagiaji alikuwa nyuma yake. Amevua ndala, fagio ameliacha nje, macho yako kwenye ile nafasi mkekani.

"Yupo, mama?" akanong'ona.

Bi Jumla akautazama uso ule uliokuwa ukimngoja.

"Yupo," akasema. "Amelala."

Mfagiaji akaitikia kwa kichwa, akafuta macho kwa ncha ya nguo, akarudi kazini. Kesho yake saa sita Bi Jumla alikuwa mlangoni tena, na kesho kutwa pia, maana alijua ataulizwa.