Vichwa vya Wigi

Msusi ndiye mtu wa mwisho ambaye ungemtarajia aitetee kofia ngumu. Kichwa alichokihangaikia tangu asubuhi, akigawa, akivuta na kusokota mpaka vidole vinakufa ganzi, kinatoka mlangoni kwake kinang'aa, kinapanda pikipiki, kinafunikwa kofia inayonuka jasho la watu wasiojuana. Wateja wake, wakihimizwa kuvaa kofia, walikuwa na jibu moja: "Bora nianguke nimependeza." Wote wakaangua kicheko, yeye akiwemo. Kilimkauka siku binti yake alipoanza kwenda shule kwa pikipiki ya mjomba wake.

Mjomba mwenyewe, kaka yake msusi, alikuwa mwenyekiti wa kituo cha pikipiki kilichotazamana na saluni. Walimwita Breki, kwa kejeli tu, maana hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga.

Basi msusi akaenda zahanati kumwomba muuguzi, yule anayezunguka mitaani kufundisha usalama barabarani, aje afundishe mbele ya saluni. Muuguzi akaja kofia ngumu kichwani, na spika ndogo, ngazi na matikiti maji mawili. Watu wakajaa. Wanawake walitoka na rola kichwani, madereva wakakaa juu ya pikipiki zao wamevimba kama majogoo.

"Sisi tumeshavuka huko," Breki alijigamba. "Kituo chetu kila abiria anavaa, hata mwenye misuko ya kujaza debe. Muulizeni dada yangu."

Ilikuwa kweli. Siku za karibuni kofia za kituo zilikuwa zikiingia kwenye vichwa vyote bila kubana, na msusi alifurahi mno hata asiulize imekuwaje.

Muuguzi alipakata tikiti kama mtoto mchanga. "Hiki ni kichwa chako. Nitakivisha kofia, nikiachie kutoka juu ya ngazi. Lile gamba la nje peke yake halitoshi. Kinachomeza kishindo ni sponji ngumu nyeupe ya ndani, iliyochongwa kama bakuli, ya aina ile wanayofungashia televisheni. Nani ataniazima kofia?"

"Mwenyekiti yupo!" Breki akaivua yake kwa madaha, akamkabidhi.

Nyeupe, kama bakuli. Msusi aligeuka akachungulia dirishani mwa saluni yake. Kwenye rafu, wigi zake zilikuwa zimekaa vizuri juu ya mabakuli meupe. Breki ndiye aliyemletea. "Dada, nimekuokotea vichwa vya wigi," alisema, naye akashukuru, akavichoma pini.

Angeweza kumvuta kaka yake pembeni akamnong'oneza. Lakini muuguzi alishaweka mguu kwenye ngazi. Tikiti likipasuka ndani ya kofia ile, umati mzima ungerudi nyumbani ukisema kofia ni geresha, na nani angewarudisha tena? Na kesho asubuhi binti yake angevishwa gamba tupu, afungwe kamba kidevuni, aambiwe shikilia.

"Shuka, dada muuguzi!" alisema. "Hiyo kofia ni tupu."

Akaingia ndani, akavua wigi moja, akarudi na bakuli lake. Aliitwaa kofia, akanyanyua kitambaa cha ndani, akalisukuma bakuli humo. Likakaa barabara, kana kwamba halijawahi kutoka.

"Lo!" mwanamke mwenye rola akajishika kichwa. "Kumbe siku zote nimevaa sufuria!"

Watu wakacheka, Breki akawaka. "Nywele zenu ndizo zilizokuwa haziingii! Abiria akisema inabana, anapanda ya mwenzangu. Mlitaka nile mawe?"

"Ulitaka mpwa wako apasuke?" msusi akamuuliza.

Muuguzi hakubishana na mtu. Alilitoa bakuli, maana pini zilikuwa zimelitoboatoboa, akalivisha tikiti la kwanza kofia hiyo tupu, akapanda nayo ngazini, akaiachia. Maji mekundu yakaruka mpaka kwenye viatu vya madereva. Kisha akaivua kofia yake mwenyewe aliyokuja nayo, akalivisha tikiti la pili, akaiachia vilevile. Ilidunda, ikabiringika hadi miguuni pa Breki. Breki akaiinua, akalitoa tikiti. Zima. Safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake wakaanza kwenda kwenye pikipiki moja moja, wakibonyeza kofia kwa ndani, na madereva wakitazama pembeni.

Jioni mama yao aliwaita wote wawili, msusi na kaka yake. Breki alikaa kinyonge, hakugusa chai.

"Umemvua nguo kaka yako hadharani," mama alisema. "Kituo kizima kinamcheka. Wanamwita Mwenyekiti Sufuria. Mwombe radhi, mwanangu, yaishe."

"Ungenivuta tu kando, dada," Breki aliongeza kwa sauti ya chini. "Damu moja sisi."

"Muuguzi alikuwa ameshapanda ngazi, kaka. Ningekuvuta saa ngapi?"

"Basi sema neno moja tu," mama alisihi. "Si kubwa hilo."

Msusi akamsogezea kaka yake kikombe.

"Kunywa, inapoa. Ukinunua kofia mpya zenye sponji yake, misuko ya kuingia humo nitaibuni mimi, bapa, na wateja nitawaletea mpaka mlangoni pako. Mwanangu atatembea kwa miguu mpaka siku hiyo. Lakini radhi, mama, siombi. Wala kesho siombi."