Kaburi la Athanasi wa Namasakata

Katika miaka yangu yote ya kusafisha maji ya ardhini nimegombana na wengi: wakurugenzi, wafadhili, hata mume wangu. Lakini hasira niliyoipata mwaka 1996, kwenye kijiji kimoja nyuma ya Mpitimbi, huko Songea, haijapoa mpaka leo. Na sitaki ipoe.

Kisima cha kijiji kilikuwa kinanuka dawa za kuulia wadudu wa tumbaku. Mbuzi walitupa mimba, watu walitapika. Odilia, mama aliyenipa chumba, mimba mbili zilikuwa zimemtoka tangu harufu ile ianze, na sasa alikuwa na ya tatu, ya miezi sita. Nilifunga pampu kwa mnyororo. Siku ya pili ukakatwa. Mto uko mwendo wa saa nzima, na kurudi ni mlima. Utamwambia nini mwenye kiu? Njia ilikuwa moja tu: kuitafuta sumu ilikofukiwa na kuitoa kabla mvua hazijaisukuma zaidi chini. Mvua zilibakiza wiki tatu.

Nikachimba vishimo vya kupimia, kimoja baada ya kingine, nikipanda kuelekea ghala la zamani la ushirika. Ushirika wenyewe ulishakufa, soko huria limeingia, ghala kalinunua mfanyabiashara wa mahindi. Kila kishimo sumu ilizidi. Cha mwisho kikanifikisha nyuma ya ghala, kwenye kaburi lenye msalaba wa saruji: ATHANASI WA NAMASAKATA, 1991. APUMZIKE KWA AMANI.

"Sumu iko hapa chini," nilimwambia Rupert, mwenyekiti wa kijiji.

"Hapa chini yuko mtu," akanijibu. "Injinia, wewe si mtoto wa Songea hapahapa? Kaburi linafukuliwa bila ndugu wa marehemu? Thubutu!"

Walinieleza kuwa Athanasi alikuwa kibarua. Mzee Kajetani, mtunza ghala, ndiye aliyemzika peke yake, haraka, akasema kafa kwa kipindupindu na mtu asisogee. Wanawake walimhurumia maskini yule asiyeliliwa na ndugu. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Odilia na wenzake walifagia kaburi lake na kumsalia rozari.

Haya, ndugu wakatafutwe. Nikapanda basi la Tunduru, siku mbili za vumbi na pancha, mpaka Namasakata. Bibi mmoja, Bi Mwamvua, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akacheka.

"Athanasi? Mwanangu, huku ni kwa akina Saidi. Angekuwepo Athanasi mmoja, kijiji kizima kingemjua. Na mtu wetu akifia ugenini tunaweka matanga hata kama maiti haijarudi. Mwaka huo hatukuweka."

Nilirudi nimevimba kama andazi. Kutoka stendi sikupita hata kuoga, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Kajetani. Shikamoo nilimpa, maana nimelelewa, lakini kiti nilikikataa.

"Mzee, pale umemzika nani?"

Sikumngoja ajibu. Nikamwambia nimetoka Namasakata. Hapo mabega yakamshuka.

"Sijamzika mtu. Ni mapipa kumi na mawili ya dawa zilizoharibika. Wakubwa wa ushirika walinipa siku mbili ghala liwe tupu, wakapanda gari lao wakaenda. Nifanyeje? Unawajua watu wetu kwa mapipa. Ningeyafukia hivihivi wangeyafukua kesho yake, wayatie maji, wapikie pombe. Wangekufa wote! Lakini kaburi hakuna anayeligusa. Nikaweka msalaba. Niliwakinga, mwanangu."

"Uliwakinga!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Na maji ya chini je?"

"Sikujua kwamba sumu inatembea chini. Nani alinifundisha?"

Hilo nililikubali, na liliniuma. Hakuna aliyemfundisha. Waliosoma ndio waliompa siku mbili.

"Basi twende ukayaseme haya mbele ya watu," nikasema.

Aliyasema, amesimama kando ya msalaba wake, kofia mkononi. Watu waliduwaa. Mama mmoja akasonya, "Miaka yote hii tunalisalia pipa!" Rupert alichukua sururu akaanza kuchimba. Kabla jua halijafika utosini tulilifikia la kwanza, bati limeliwa na kutu, tupu kabisa. Yote yalikuwa hivyo. Nilibaki na udongo wa kuhamisha, na maji ya kuvuta kisimani na kuchuja kwa miezi, na wao waende mtoni.

Nikatangaza hivyo: kuanzia leo ni mtoni tu. Watu wakaguna. Odilia alikuwa amesimama pembeni, mkono tumboni, akimtazama yule mzee.

"Baba Kajetani," aliuliza taratibu, "nyumbani kwenu mnachota wapi maji?"

Mzee akatazama kofia yake.

"Nakuuliza, mnachota wapi?"

"Mtoni."

"Tangu lini?"

"Tangu ile harufu ilipoanza."

Mimi nilitukana. Nilitukana kwa Kingoni na kwa Kiswahili, mbele ya wazee na katekista, na sijaomba radhi mpaka leo. Odilia hakutukana. Alimsogelea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Na kila asubuhi ulikuwa unanisalimia," akasema, "nikipita na ndoo."