Gaudiose Katika Daraja la Tano

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka hadi kwenye mabati ya nyumba za mtaa wa Nyakabanda, na manyunyu hayakukatika.

Gaudiose aliwakuta wenzake wamejazana mbele ya karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kiwanda chao cha sare. Kampuni ilikuwa imepanga mishahara upya, daraja la kwanza hadi la tano. Alilitafuta jina lake kuanzia juu. Alilikuta chini kabisa, pamoja na wafagiaji. Kuanzia Novemba angepoteza theluthi ya mshahara.

"Mama Akimana, kwenye fomu uliandika nini?" Shafiq, fundi cherehani, alimuuliza Gaudiose.

"Kwamba ninasaidia kukata vitambaa."

"Unamsaidia nani? Mkasi?"

Watu wakacheka. Yeye hakuweza. Kwa miaka tisa alikuwa amekikatia kiwanda kizima vitambaa, peke yake. Lakini walipopewa fomu na kuambiwa kila mtu aeleze kazi yake, aliona haya. Kwao mtu hajisifu; husifiwa na wengine. Hakujua kwamba kampuni ingepima karatasi na kuuacha mkono.

"Nenda ofisini ukaseme," Shafiq akamsukuma.

Kusema! Wiki iliyopita mpiga pasi mmoja alikwenda kusema, na kabla ya saa sita alikuwa nje ya lango na mfuko wake. Gaudiose alifumba macho. Ee Mungu, ushike ulimi wangu. Kisha akabisha mlango wa ofisi, wenzake wakimfuata nyuma.

Ndani walikuwamo mkurugenzi Bertrand na Ikirezi, msichana mtaalamu aliyepanga madaraja.

"Fomu iko wazi, mama," alisema Ikirezi kwa upole. "Msaidizi ni daraja la tano."

"Nilikosea kuandika, binti yangu. Sikukosea kufanya kazi. Nipimeni kwa kazi."

Bertrand alitazama kupitia dirisha lililoelekea ndani ya kiwanda. Kwenye meza ya kukatia kilikuwa kimetandazwa kitambaa cha sare za shule nzima, tabaka juu ya tabaka. Kisu cha kukatia kikiteleza mara moja, zote zimeharibika.

"Na ukikiharibu kitambaa kile?" aliuliza.

Gaudiose aliitazama mikono yake. Akawageukia wenzake waliosimama mlangoni, ili kila mmoja asikie.

"Nitakikata sasa hivi, mbele yenu. Nikiharibu hata shati moja, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: nitatoka langoni mwenyewe, na sitadai chochote."