Kimio cha Tsuma

Mimi Mwanarusi wa Bofu nimekata vimio vya watoto miaka ishirini, na asiyependa aniache. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kikirefuka, mtoto hukohoa hata akatapika; ukikikata, hupona. Ndivyo alivyonifunza mama yangu, na Likoni nzima iliniamini. Lakini hili la mjukuu wangu nitalisema lilivyo, hata mkinitemea mate.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na nne, wakati wa vita, Tsuma ana mwaka na nusu. Mama yake, binti yangu Mwanasaumu, aliniachia akaenda kupalilia mihogo. Akanikanya: "Mama, njugu usimpe. Hajaota magego." Ah, nikamcheka! Nimelea saba mimi, leo nifundishwe kulea na niliyemzaa? Nikakaa nakaanga njugu zangu, mtoto akaninyooshea mkono, nikampa. Akawa anatafuna huku anacheka. Mara akapaliwa. Macho yakamtoka. Nikampiga mgongoni, akakohoa, akalia, kisha akarudi kucheza. Nikasema alhamdulillahi, imeshuka. Mwanasaumu aliporudi sikumwambia neno.

Kesho yake kikohozi kikaanza. Siku ya tatu kila pumzi ina mlio. "Mama, ni nini hiki?" Mwanasaumu akaniuliza. Njugu ile nilikuwa naikumbuka, wallahi naikumbuka, lakini mdomo ukasema, "Kimio." Nikatoa kisu changu chenye ncha iliyopinda, yeye akamshika mwanawe, nami nikakata. Nilikata kwa aibu tu, si kwa ugonjwa.

Hakupona. Siku mbili baadaye midomo yake ilianza kugeuka rangi. Mwanasaumu akambeba, nikamfuata mbio mpaka ferini. Feri imejaa askari na magari yao ya vita, sisi tukaambiwa tungoje, mtoto anavuta pumzi kama msumeno. Yaa Rabi, nilivyowalaani askari wale!

Tulipovuka, kule hospitalini daktari Mzungu akasikiliza kifua, kushoto, kulia, akarudia kulia. Dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda, Absalom, Mrabai mmoja mpole, akatufasiria: "Pafu la kulia halipitishi hewa. Huenda ni nimonia, huenda kuna kitu kimeingia njia ya pumzi. Nimonia ina dawa. Kitu hutolewa kwa mrija, lakini mrija wenyewe ni hatari, daktari hawezi kuuingiza kwa kubahatisha. Je, mtoto alipaliwa?"

"La," akasema Mwanasaumu. "Hakupaliwa."

Absalom akaandika nimonia. Daktari akageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikamtazama Tsuma. Kila akivuta pumzi, ngozi ya shingo inabonyea ndani. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi niliyeficha nilikuwa mzima, na kifo kilikuwa kinamwendea mtoto.

"Njugu!" nikapiga kelele. "Nilimpa njugu mimi! Alipaliwa!"

Mwanasaumu hakunitazama. Daktari akarudi mbio, akamfungua mtoto kinywa, akauliza kitu kwa ukali.

"Anauliza nani amemkata," akasema Absalom. "Koo limevimba. Mrija utapita kwa shida."

"Ni mimi," nikasema.

Wakamwingiza chumba cha ndani. Tukakaa kwenye benchi, mimi na binti yangu, na baina yetu nafasi ya mtu mzima. Tukamsikia daktari akifoka, kisha kimya. Kimya kile! Nikamwambia Mungu wazi: mimi mzee, mimi mwongo, nichukue mimi.

Ndipo mtoto akalia. Sauti inakwaruza, lakini ni kilio. Absalom akatoka na kibakuli, na ndani yake nusu ya njugu, imefura kwa maji.

"Mrija ulikwama mara mbili kwenye uvimbe," akasema. "Mara ya tatu ukapita. Usingepita, tungekuwa tumeshamkosa."

Nikapiga magoti mbele ya binti yangu. "Mwanangu, nisamehe. Ile njugu..."

"Njugu nimekusamehe, mama," akasema. "Hata mimi ningempa, akinililia. Lakini ulinishikisha mwanangu ukamkata, na ulikuwa unajua."

Akainuka kwenda kwa mwanawe, nami nikainuka nimfuate. Akaingia, akanifungia mlango.